Kunusurika Si Kupona: Madhara ya Mnururisho Yanayochelewa katika Viungo vya Wanyama wa Maabara

Utangulizi

Kitenzi 'kupona' kina maana mbili katika Kiswahili. Mgonjwa aliyeondokewa na maradhi amepona. Msafiri aliyetoka hai katika ajali amepona pia. Katika mazungumzo ya kila siku, muktadha huondoa utata huu. Hata hivyo, ipo taaluma ambamo maana hizi mbili haziwezi kuachwa chini ya neno moja, nayo ni ile inayochunguza jinsi mnururisho unavyoathiri mwili. Makala haya yanafafanua yale ambayo majaribio ya maabara yamebainisha kuhusu madhara ya mnururisho yanayochelewa, kisha yanaonyesha ni kwa nini mwandishi wa Kiswahili anayeishughulikia mada hii hana budi kutenganisha 'kunusurika' na 'kupona'.

Mnururisho na kipimo chake

Mnururisho unaorejelewa hapa ni ule wenye nguvu za kung'oa elektroni kutoka katika atomi, kama vile eksirei, ambazo Wilhelm Röntgen alizigundua mwaka wa 1895, na miale ya gama. Kiasi kinachofyonzwa na mwili hupimwa kwa grei. Grei 1 ni sawa na jouli 1 ya nishati katika kila kilo 1 ya mwili. Kikitazamwa kama joto, kiasi hiki ni kidogo mno: grei 10 zikimpata panya mwili mzima zaweza kumwua, ilhali joto la mwili wake haliongezeki hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii. Ni dhahiri basi kwamba kinachoua si joto. Mnururisho huvunja molekuli zilizomo ndani ya seli, hususan DNA, ambayo huhifadhi maelekezo ya urithi.

Madhara ya mapema

Seli zinazogawanyika upesi ndizo hudhihirisha madhara kwanza. Miongoni mwazo ni seli za utando wa ndani wa utumbo na zile za uboho zinazotengeneza damu. Panya aliyepigwa na kiasi kikubwa cha mnururisho huweza kuharisha na kufa katika siku chache. Mwenzake aliyepata kiasi kidogo zaidi huweza kufa katika majuma yanayofuata kwa kutokwa na damu au kwa maambukizi. Kwa sababu hii, watafiti wamezoea kutumia kipimo cha siku 30, yaani kiasi cha mnururisho kinachoua nusu ya wanyama katika muda huo. Mnyama aliye hai siku ya 30 huhesabiwa miongoni mwa waliosalia. Swali ni je, waliosalia wamepona?

Kimya na mshindo wake

Seli za mapafu, figo na moyo hugawanyika polepole. Seli iliyojeruhiwa yaweza kuendelea na kazi yake kwa muda mrefu, na udhaifu wake ukajitokeza baadaye inapohitajika kugawanyika. Aidha, kuta za ndani za mishipa midogo ya damu huharibika, uvimbe hujitokeza, na hatimaye kovu huchukua nafasi ya tishu iliyo hai. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mfano bora unatoka katika Chuo cha Tiba cha Wisconsin, mjini Milwaukee, Marekani. Watafiti wa chuo hicho huwapiga panya mnururisho huku wakiukinga mguu mmoja wa nyuma. Uboho uliomo katika mguu huo huendelea kutengeneza damu, na panya huvuka kipindi cha hatari ya mapema. Kati ya takribani siku ya 42 na ya 90, mapafu yao huvimba na kupumua kukawa kwa shida. Wanaokivuka kipindi hicho hukabiliwa baadaye na kuharibika kwa figo: protini huvuja katika mkojo na shinikizo la damu hupanda. Ni mnyama yule yule, na mnururisho ule ule wa siku moja.

Katika chuo hicho hicho, John Moulder, Eric Cohen na wenzao walionyesha kwamba dawa za shinikizo la damu kama kaptoprili na enalaprili hupunguza madhara ya figo katika panya, hata zikianza kutolewa majuma kadhaa baada ya mnururisho. Matokeo haya yana uzito wa kipekee. Lau madhara yangekuwa yamekamilika siku ya kwanza, dawa iliyochelewa isingefaa kitu. Kwa hivyo, kipindi cha kimya si kipindi cha afya. Ni kipindi ambacho uharibifu unaendelea, na ambacho bado unaweza kupunguzwa.

Deni la istilahi

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yanamkabili mwandishi wa Kiswahili. Kwanza, neno 'panya' hujumuisha wanyama wawili ambao maabara huwatofautisha kabisa. Wale wa Milwaukee ni panya wakubwa. Miongoni mwa panya wadogo, ukoo uitwao C57BL/6 hupata makovu ya mapafu kwa urahisi, ilhali ule wa C3H hauelekei kuyapata. Anayeandika 'panya' pasi na kufafanua huchanganya matokeo yasiyofanana.

Pili, 'madhara yanayochelewa' si sawa na 'madhara ya kudumu'. Dhara laweza kuanza leo na likadumu. Lingine laweza kukawia miezi kadhaa kabla ya kuanza.

Tatu, na muhimu zaidi, aliyevuka siku 30 amenusurika. Bado haijajulikana kama amepona. Tofauti hii haiishii maabarani. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mnururisho hutakiwa kutoa idhini. Akielezwa kwamba mwasho wa ngozi ukiisha atakuwa amepona, huenda asirudi kliniki kifua kinapombana miezi michache baadaye.

Hitimisho

Mnamo 2002, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu dawa za aina hii kuidhinishwa kwa ushahidi wa wanyama pale ambapo kuwajaribu binadamu ni kinyume cha maadili. Nao Russell na Burch walikuwa wamekwisha kuhimiza, mwaka wa 1959, kwamba wanyama wa majaribio wapunguzwe na mateso yao yapunguzwe. Maarifa yaliyogharimu uhai wa viumbe hawa yanastahili kuelezwa kwa usahihi. Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hiyo: 'kunusurika' na 'kupona' yamo tayari. Kinachodaiwa ni waandishi kuyatumia kila neno mahali pake.