Dele, Vikombe Viwili na Embe: Kuendesha Shindano la Kirafiki la Picha za Vitu Tuli

Mwongozo huu ni wa wapiga picha wa ridhaa sita, wenye kamera au simu, wanaotaka kushindana siku moja na kuondoka wakiwa bado marafiki. Unahitaji chumba kimoja, meza moja na dirisha moja. Soma hatua zote kabla ya kuanza ya kwanza, kisha uzifuate kwa namba zake.

Maneno matatu yatatumika kwa maana hii tu. Picha ya vitu tuli ni picha ya vitu visivyojisogeza ambavyo mpigaji amevipanga kwa mkono wake: embe lililo mtini halimo, embe lililowekwa mezani limo. Tafsiri ni sentensi moja isiyozidi maneno 12 inayosema picha inahusu nini. Msimamizi ni mtu anayeshika saa na bahasha, yeye hashindani.

Hatua ya 1. Andika kanuni

Ziingie katika ukurasa mmoja, na kila kitu kinachotajwa kiwe na idadi na hali. Idadi peke yake haitoshi. Katika shindano moja nililosimamia, kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu ilisema "embe moja". Mshiriki wa kwanza akalipasua, akapiga picha nzuri sana ya kokwa na nyuzi zake, akaenda kunawa. Wa pili akakuta vipande na nzi wawili. Hakuna aliyevunja kanuni. Tangu siku hiyo naandika hivi:

a) Dele moja la kahawa, la shaba, pamoja na mfuniko wake.
b) Vikombe viwili vya kahawa visivyo na mkono, vyeupe kwa ndani.
c) Embe moja zima, lisilomenywa wala kukatwa. Kila mshiriki aje na lake.
d) Kitambaa kimoja cha marekani, mita 1 kwa mita 1. Usikibadilishe kwa kanga: jina la kanga litasomwa kabla picha haijatazamwa.

Hivyo ni vitu vitano. Kila mshiriki atumie visivyopungua vitatu, na kitu cha sita kisiingie mezani. Kila mmoja ana dakika 20 na anawasilisha picha moja. Baada ya kupiga anaruhusiwa kupunguza kingo, kurekebisha mwangaza, kuzidisha au kupunguza kontrasti, na kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Haruhusiwi kuongeza wala kufuta kitu, iwe kwa mkono au kwa programu ya akili mnemba.

Uhakiki: mpe kanuni mtu asiyehusika, umwambie atafute mwanya. Akiupata, rekebisha.

Hatua ya 2. Chagua dirisha

Unatafuta dirisha linalopata mwanga wa mbingu, si jua lenyewe. Kwa Dar es Salaam, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri hupita upande wa kusini. Miezi hiyo chagua dirisha linalotazama kaskazini. Miezi mingine ya mwaka fanya kinyume. Mombasa kanuni ni hiyohiyo, tarehe zikitofautiana kwa wiki moja hivi. Dirisha la mashariki huwa na jua kali asubuhi, nalo la magharibi huharibika jioni.

Uhakiki: laza karatasi nyeupe mahali meza itakapokaa, kisha nyoosha kiganja sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo zilizokatika kama kwa wembe maana yake ni jua la moja kwa moja: tundika shashi nyeupe dirishani, au hamia dirisha lingine. Kivuli chenye kingo zinazoyeyuka kinafaa.

Hatua ya 3. Weka meza

Iweke sentimita 60 kutoka dirishani na uzungushie kila mguu alama ya chaki. Mshiriki anaweza kuisogeza akitaka, ila airudishe kwenye chaki kabla ya kutoka. Zima taa zote za chumba. Taa ya umeme na mwanga wa mchana vina rangi tofauti. Vikikutana juu ya kikombe cheupe, upande mmoja huwa wa manjano na mwingine wa buluu, na hakuna marekebisho ya jumla yatakayoponya pande zote mbili.

Hatua ya 4. Kusanya vifaa

Weka kando ya meza manila nyeupe 2 na nyeusi 2, zote sentimita 40 kwa 60, vibanio vya nguo 8, stendi ya miguu mitatu 1, kitambaa laini cha kufutia 1, mkasi 1, bahasha 6 na kalamu 1. Kuanzia hapa manila nyeupe itaitwa kirejeshi, kwa kuwa hurudisha mwanga, na nyeusi itaitwa kizuizi, kwa kuwa huumeza.

Hatua ya 5. Piga kura ya zamu

Andika namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi, vikunje, kila mshiriki aokote kimoja. Anayesubiri akae chumba kingine, asione mpangilio wa mwenzake. Dakika 20 kwa watu sita ni dakika 120. Ongeza dakika 5 za kupanga upya katika kila moja ya nafasi tano za katikati. Ukianza saa nne kamili asubuhi utamaliza saa sita na dakika 25 mchana.

Hatua ya 6. Andika tafsiri

Kuanzia hatua hii hadi ya 10, maelekezo ni ya mshiriki. Kabla hujagusa dele, andika tafsiri yako, itie kwenye bahasha, andika namba yako ya zamu juu yake, mkabidhi msimamizi. Ukishaikabidhi haibadiliki.

"Uzuri wa kahawa" si tafsiri, kwa sababu hakuna picha inayoweza kuikosea. Linganisha na hii: "Mgeni amechelewa na kahawa imepoa." Sentensi hii inaanza kukuamulia. Vikombe lazima vionekane vyote viwili. Kimoja kimetumika, cha pili kimefudikizwa. Embe halina kazi, litoke. Mwanga uwe mchache na utoke upande mmoja, kama wa jioni. Sentensi ikishindwa kukuamulia mambo matatu namna hiyo, ifute uandike nyingine. Dakika 3 zinatosha.

Hatua ya 7. Panga vitu

Anza na kikubwa, yaani dele. Liweke nje ya katikati ya fremu, mdomo wake ukielekea ndani ya picha. Weka cha pili kifunike cha kwanza kidogo, au kiache nafasi ya vidole viwili. Usiviache vigusane kingo kwa kingo: kwenye picha vitaonekana vimegandishwa kwa gundi. Cha tatu kiwe karibu zaidi na kamera kuliko vingine. Kitambaa kikitumika, kitupe kikunjamane chenyewe. Mikunjo iliyopangwa kwa vidole hujulikana mara moja.

Uhakiki: funga jicho moja na utazame kutoka ilipo kamera. Jicho moja huvitazama vitu kama lenzi, bila kina.

Hatua ya 8. Elekeza mwanga

Hapa ndipo tafsiri inaposimama au kuanguka, nami nakushauri utumie dakika 7 nzima. Dirisha halisogezeki. Zunguka wewe na kamera. Jaribu nafasi tatu, kwa mpangilio huu, na katika kila moja piga picha ya majaribio.

Nafasi ya kwanza: dirisha liwe nyuma yako. Kila kitu kitaonekana na hakuna kitakachosema neno; dele litakuwa bapa kama sarafu. Ipige hata hivyo, upate cha kulinganishia.

Nafasi ya pili: dirisha liwe ubavuni, nyuzi 90. Dele litapata tumbo, embe litapata shavu la mwanga na shavu la giza, na weupe wa ndani wa kikombe utagawanyika katikati.

Nafasi ya tatu: dirisha liwe mbele yako kwa pembeni, nyuzi 135 hivi, nyuma ya vitu. Vivuli vitakujia. Kingo za vikombe zitawaka, na kama kahawa ni ya moto kweli, mvuke utaonekana ukiwa na kizuizi nyuma yake. Bila giza nyuma, mvuke haupigiki.

Ukishachagua nafasi, simamisha kirejeshi upande wa pili wa dirisha, sentimita 30 kutoka kwenye dele, ukibane kwa vibanio viwili. Kisogeze karibu, tazama kivuli kikifunguka; kisogeze mbali, kitazame kikifunga. Kikiondolewa na kizuizi kikawekwa mahali pake, kivuli kitakuwa kizito kuliko ulivyodhani. Mwaka 1930 Mmarekani Edward Weston aliiweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati, na kuta za faneli zikamrudishia mwanga kwenye kila mkunjo wa ile pilipili. Picha hiyo, Pilipili Na. 30, bado inatajwa kila vitu tuli vinapozungumzwa. Faneli yake ilikuwa ni kirejeshi tu, kilichokunjwa. Kwa hiyo ukitaka kuikunja manila yako, ikunje; kanuni hazikatazi.

Hatua ya 9. Jiondoe kwenye tumbo la dele

Shaba iliyosuguliwa ni kioo, na tumbo la dele ni kioo kilichobinuka: linaona chumba kizima, dirisha, meza, na wewe. Watu wengi huhama kushoto, kisha kulia, wakitafuta mahali ambapo hawataonekana. Mahali hapo hapapo. Kwenye umbo lililobinuka hivyo, daima kuna sehemu moja inayoitazama kamera uso kwa uso. Unachoweza kufanya ni kujifanya mdogo na mweusi, hivi:

a) Rudi nyuma hadi mita 1.5 na uvute picha kwa lenzi. Kadiri unavyorudi ndivyo taswira yako inavyosinyaa.
b) Kata tundu la sentimita 7 katikati ya kizuizi, ulipitishe juu ya lenzi, ujifiche nyuma yake. Kwa simu, sentimita 2 zinatosha.
c) Vaa nguo nyeusi. Mwaka mmoja nilikuja na kanzu nyeupe, na jaji akaniuliza yule mzuka ndani ya dele anawakilisha nini.
d) Futa alama za vidole kwa kitambaa laini, kisha usilishike tena ila kwa kitambaa hichohicho.

Uhakiki: piga, kisha kuza picha kwenye skrini mpaka tumbo la dele lijaze skrini yote. Tafuta uso, mkono, na mguu wa stendi. Taswira ya dirisha iache. Ndiyo inayolipa dele umbo.

Hatua ya 10. Piga

Tundu la lenzi ni mlango wa mwanga. Namba yake ikikua, mlango hupungua na eneo lililo wazi mbele na nyuma ya kitu huongezeka. Kwa kamera, weka kwenye stendi, ISO 100, tundu f/8, saa ya kuchelewesha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Kasi ikishuka hadi robo ya sekunde usiogope: vitu havijongei. Kwa simu, bonyeza na ushikilie juu ya kitu unachotaka kiwe wazi hadi simu ifunge fokasi, kisha vuta mwangaza chini kidogo. Lenga kile kilichotajwa kwenye tafsiri, si kile kinachong'aa.

Uhakiki: mdomo wa kikombe cheupe uonyeshe ukingo wake. Ukiwa umeyeyuka kuwa weupe mtupu, punguza mwangaza, rudia.

Hatua ya 11. Pokea picha

Msimamizi azipe namba za zamu tu, kwa mfano 04, bila majina. Zote zionyeshwe kwenye skrini moja, yenye mwangaza uleule, zikifuata namba.

Hatua ya 12. Hukumu

Chagua majaji 3, na angalau mmoja asiwe mpiga picha. Mimi humtafuta mpishi. Kila jaji atazame picha kwa dakika 2 bila kuzungumza, kisha aandike yeye mwenyewe sentensi isiyozidi maneno 12: picha hii inahusu nini? Sentensi zote tatu zikishaandikwa, msimamizi afungue bahasha na asome tafsiri ya mpigaji. Kufungua bahasha mapema kunaharibu shindano zima, kwani jaji akishaambiwa ataona alichoambiwa.

Alama za tafsiri ni 10 ikiwa tukio na hisia vimelingana, 5 ikiwa kimoja tu, 0 ikiwa hakuna. Kwa mfano ule wa mgeni, jaji akiandika "Mtu kaondoka bila kuaga", hisia ya kuachwa imefika, tukio halikufika: 5. Mwanga una alama 10, mpangilio 5, usafi wa ufundi 5. Jumla ni 30 kwa jaji, 90 kwa majaji watatu. Wawili wakifungana, mwenye alama nyingi za mwanga yuko mbele. Wakifungana tena, wote wameshinda.

Uhakiki: msimamizi ajumlishe mara mbili, mara ya pili akianzia chini kwenda juu.

Hatua ya 13. Safisha

Futa chaki sakafuni. Sugua dele kwa ndimu na majivu, lisuuze, likaushe kabla maji hayajaacha madoa. Menya maembe sita.