Chuo Hakifungwi Saa Kumi Jioni: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Waliopanga Buzuruga

Haya yanawahusu wanafunzi wa vyuo vya Mwanza mliopanga vyumba Buzuruga: wa Mtakatifu Augustino kule Malimbe, wa chuo cha afya mlimani Bugando, wa Chuo Kikuu Huria, na wa vyuo vingine vya Ilemela na Nyamagana. Yanawahusu pia viongozi wenu wa serikali za wanafunzi, maana ndio wanaoandaa mihadhara ya wazi, usiku wa mashairi, maonyesho na sherehe za muhula. Mnalipa ada ya chuo kizima halafu mnachukua nusu. Kipindi cha mwisho kikiisha mnakimbilia daladala, na mhadhara wa saa kumi na moja unabaki na mzungumzaji, mlinzi na viti vitupu. Siwabembelezi. Muhula una wiki chache, na matukio ya kuwajenga yamo humo humo.

Panga safari kabla ya kupanga nguo. Kutoka Buzuruga kwenda Malimbe ni kuuvuka mji mzima: unashuka na barabara ya Musoma, unapita Mabatini, unaingia mjini, unashika barabara ya Kenyatta kupita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, ndipo utafute usafiri wa Malimbe. Foleni ya jioni haijui kwamba wewe una mhadhara. Kwa hiyo siku yenye tukio usirudi Buzuruga "kuoga kwanza". Baki maktaba, kula hapo hapo, soma, kisha nenda ukumbini kwa miguu. Anayesema atarudi jioni harudi. Akifika Buzuruga anakuta maji yametoka, ndoo zinajazwa, na jirani anakaanga chipsi. Siku imeishia hapo.

Usibandike tangazo lenye "2:00" na kuondoka. Nusu ya wasomaji watakuja saa nane mchana, wengine watakuja saa mbili usiku, na wote watakuwa sahihi. Andika: saa nane mchana, Alhamisi, tarehe, jina la ukumbi, jina la mzungumzaji, mada, kama kuna kiingilio, na saa ya kumaliza. Hiyo saa ya kumaliza waandaaji huiacha kila mara, nayo ndiyo anayoitafuta binti ambaye mwenye nyumba wake anafunga geti saa nne usiku. Asipoiona anabaki chumbani, halafu mnalalamika kuwa wasichana hawapendi mihadhara. Ukumbi ukibadilika, bandika karatasi kwenye mlango wa ukumbi wa zamani na mweke mtu pale wa kuelekeza. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi. Wapo ambao bando limeisha tangu asubuhi.

Anzeni saa mliyoandika. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vyuo vyetu vinaumia zaidi. Tangazo linasema saa tisa. Saa tisa ukumbini kuna wanafunzi thelathini, wengi wao ni hao hao waliotoka mbali, kwa kuwa mtu wa mbali ndiye huogopa kuchelewa. Saa tisa na nusu kijana wa vipaza sauti anasema "halo, halo, moja mbili". Saa kumi anaingia mgeni rasmi, watu wanasimama, wanakaa. Mshereheshaji anamtambulisha mwenyekiti, mwenyekiti anamtambulisha mlezi, mlezi anawatambulisha waliokaa meza kuu mmoja mmoja na vyeo vyao, na kila aliyetambulishwa anaomba kusema maneno mawili, anaanza na "itifaki imezingatiwa", kisha anairudia itifaki yote. Mzungumzaji, mtu aliyeandaa hotuba yake kwa wiki nzima, anashika kipaza sauti saa kumi na moja kasoro. Anaambiwa afupishe. Maswali yanafutwa kwa sababu "muda hauko upande wetu". Muda ulikuwa wenu wote. Mliugawa kwa vyeo. Mtambulisheni mzungumzaji kwa dakika tatu, mumpe nafasi. Mgeni rasmi akichelewa, ataingia na kukuta mhadhara unaendelea, na hakuna sheria ya nchi itakayokuwa imevunjwa.

Uliza swali, usitoe hotuba. Mnamjua yule anayesimama na kusema, "Mimi nina swali moja lenye vipengele vitatu, lakini kabla ya swali nina mchango." Msimamizi amkatize bila haya. Ukitaka kuuliza, andika swali lako kwenye daftari wakati mzungumzaji anaendelea, lifute, liandike upya mpaka liwe sentensi mbili. Simama, taja jina, uliza, kaa. Swali zuri huanzia kwenye jambo alilolisema mgeni mwenyewe. Kama ulikuwa kwenye simu muda wote, huna swali. Nyamaza.

Usimcheke anayeuliza kwa Kiswahili kwenye mhadhara wa Kiingereza. Hili nalikemea kwa nguvu zangu zote. Kicheko kile cha safu za nyuma kimewanyamazisha vijana wengi wenye akili kuliko mtihani wowote. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye alikuwa Rais wa nchi. Mwaka huo huo wa 1969 ilichapishwa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, kijana aliyesomea sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hadi leo inafundishwa. Lugha iliyobeba Vita vya Maji Maji jukwaani itabeba swali lako kuhusu mfumuko wa bei. Msimamizi amtafsirie mgeni, kikao kiendelee.

Mlete jirani. Mhadhara wa wazi maana yake mlango uko wazi hata kwa asiye na kitambulisho cha chuo. Mkizungumzia samaki wa Ziwa Victoria, iweje ukumbini asiwepo hata mtu mmoja wa soko la Mwaloni, Kirumba, ambako dagaa wanapakuliwa kila siku? Mkumbuke filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004. Ilipigwa hapa hapa Mwanza, ikahusu sangara na ndege zilizokuwa zikija kubeba minofu, ikafika mpaka kwenye orodha ya kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani. Imeonyeshwa kwenye vyuo vingi vya Ulaya na Marekani, ikajadiliwa na watu ambao hawajawahi kunusa ufukwe wa Kirumba. Mkiionyesha chuoni kwenu, msizime projekta na kutawanyika. Wekeni viti vitatu mbele: mchuuzi wa samaki, mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha minofu, na mwalimu wa habari. Waacheni wabishane. Msionyeshe filamu yoyote kuhusu watu wa ziwa hili bila kuwapa watu hao kipaza sauti.

Usipange disko tarehe 21 Mei. Najua wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Tarehe hiyo mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba, na mamia ya watu wakafa, wanafunzi wakiwemo. Wengi wamezikwa Igoma, vituo vichache tu ukitokea Buzuruga kwa barabara ya Musoma. Kila daladala ya Kisesa unayopanda inapita Igoma. Mwenye nyumba wako huenda ana ndugu pale. Muulize kwa adabu, na akikujibu, sikiliza. Kama chama chenu kinataka kufanya jambo siku hiyo, fanyeni mhadhara wa usalama wa vyombo vya majini, au nendeni makaburini na mafyekeo asubuhi. Muziki usubiri tarehe 22.

Shika kalenda, usingoje tangazo. Siku hizi zinajulikana mwaka mzima kabla: 14 Oktoba, kumbukumbu ya Mwalimu, inayowakuta wa mwaka wa kwanza hawajaijua hata njia ya maktaba, 8 Machi, Siku ya Wanawake, 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Habari, ambayo chuo kinachofundisha uandishi wa habari hakina udhuru wa kuipita kimya, 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na ambayo mara nyingi huangukia kwenye joto la mitihani. Hiyo ya mwisho ifanyeni fupi: saa moja, washairi watano, basi.

Usisome shairi la mwenzako kana kwamba ni lako. Na usiseme bado wewe ni mdogo wa kuandika. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, kisiwa ambacho meli yake inaondokea hapa Mwanza, na Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 akiwa hajatimiza miaka thelathini. Aniceti Kitereza, wa Ukerewe vilevile, aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na akafariki mwaka 1981, karibu sana na kuchapishwa kwa riwaya hiyo. Usiku wa mashairi usiowataja watu hawa wawili katika mji huu ni aibu. Waandaaji, tengeni dakika kumi za kusoma kurasa zao kabla ya kuwaita wanaojaribu.

Haya mengine nayasema kwa haraka kwa sababu mnayajua na mnayavunja makusudi. Usisainie mwenzako karatasi ya mahudhurio. Usije kwa ajili ya soda na sambusa ukaondoka navyo kabla ya mada kuanza. Zima simu, usimrekodi mzungumzaji bila ruhusa, wala usikate sekunde kumi za maneno yake ukazirusha mtandaoni. Vaa nguo safi, hakuna aliyekudai suti. Kwenye sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, usipokee kinywaji ambacho hukukiona kikifunguliwa. Usirudi Buzuruga usiku peke yako na bodaboda usiyemjua; jikusanyeni wanne watano, mkodi gari moja, kila mtu achangie, na wa mwisho kushuka apige simu kwamba amefika. Kiongozi wa serikali ya wanafunzi ambaye anamaliza sherehe saa sita usiku bila kuandaa usafiri wa wanaokaa mbali hajui kazi yake.

Nenda Bujora. Usisubiri chuo kikupeleke. Kutoka Buzuruga ni barabara moja tu mpaka Kisesa, halafu unachepuka kidogo. Pale ipo makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na kila mwaka majira ya Juni, pamoja na Sikukuu ya Ekaristi, huchezwa Bulabo, tamasha la mashindano ya ngoma. Nenda utazame jinsi ngoma inavyoshindaniwa. Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyoshindana tangu enzi za mababu, huingia uwanjani kwa wakati mmoja, huyu upande huu, yule upande ule. Wanacheza na majembe kwenye ngoma ya bugobogobo, wengine wanaleta nyoka hai, wengine vioja ambavyo hujawahi kuviwaza. Ushindi unategemea umati: watu wakivutwa upande mmoja, upande wa pili umeshindwa, na wote wanaona. Simama karibu na ngoma kubwa uone mpigaji anavyokodolea macho ukingo wa umati, na watu wanapoanza kugeuza shingo kuelekea upande wa pili, anavyobadilisha mapigo papo hapo. Kila mhadhiri na kila mratibu wa matukio angepaswa kulitazama jambo hilo alasiri moja.

Na mkiwaalika wachezaji wa ngoma chuoni, msiwalipe kwa cheti na chupa ya maji. Tumewazoea vibaya: tunawaweka juani tangu asubuhi, tunawaita mara mbili "kuchangamsha" kati ya hotuba, jioni tunawaambia mhasibu ameshaondoka. Wale ni wasanii, na wengi wao wameacha mashamba na biashara siku hiyo. Kubalianeni bei kwa maandishi wiki mbili kabla. Wapeni kivuli, chakula kilekile cha meza kuu, na nafasi moja ndefu ya kucheza ngoma yao mpaka mwisho. Walipeni fedha taslimu au kwa simu kabla hawajapanda gari. Nauli ya kwenda na kurudi Kisesa, ya watu na ya ngoma zao, iwemo kwenye bajeti tangu kikao cha kwanza.