Chanjo Zimekwisha, Vitamini A Bado

Kila Juni na Desemba, matone ya vitamini A yanapotolewa kote Tanzania, wahudumu wa afya hupata jibu lilelile kwa wazazi: "Mwanangu alishamaliza chanjo." Ni kweli, kamaliza. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 18, na baada ya hapo kadi ya kliniki hufichwa chini ya godoro. Lakini vitamini A si chanjo. Hutolewa kila baada ya miezi sita mpaka mtoto atimize miaka mitano.

Sababu iko kwenye ini, ambako mwili huweka akiba ya vitamini hii usiyoweza kuitengeneza wenyewe. Dozi moja humlinda mtoto kwa miezi minne hadi sita, kisha akiba huisha. Hapo ngozi laini ya ndani ya utumbo na njia ya hewa hudhoofika, na kuhara au surua humwangusha mtoto aliyeonekana mzima.

Baadaye huja macho. Giza likianza kuingia, mtoto hujikwaa kwenye kigoda na kupapasa sahani ambayo nduguze wanaiona vizuri. Hajarogwa, wala si mzembe. Apelekwe zahanati mara moja! Akicheleweshwa jicho hukauka, kioo chake cha mbele hupata kidonda, na uoni ukishapotea kwa kidonda hicho, matone hayaurudishi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watoto 250,000 hadi 500,000 hupofuka kila mwaka kwa upungufu huu, na nusu yao hufariki ndani ya mwaka mmoja.

Ushahidi ni wa siku nyingi. Mwaka 1986, daktari wa macho Alfred Sommer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa vijiji 450 vya Aceh, Indonesia: kwenye vijiji vilivyopewa vitamini A, vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja.

Wapo wazazi wanaolalamika kwamba matone yanatapisha. Baadhi ya watoto hutapika kweli, huumwa kichwa, au utosi wa mtoto mchanga huvimba kidogo. Hali hiyo kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku mbili. Ikizidi, arudishwe kituoni. Kumficha mtoto ndani siku ya matone kwa hofu hiyo ni kumnyima kinga.

Utaratibu wenyewe ni wa dakika moja, nao hauna mbadala. Wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge cha bluu cha yuniti 100,000. Wa miezi 12 hadi 59 hupewa chekundu cha yuniti 200,000. Mhudumu hukata ncha kwa mkasi, hukamua mafuta mdomoni mwa mtoto na kulitupa ganda. Mtoto hamezi kidonge kizima, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Mzazi hapewi kidonge aende nacho nyumbani. Tarehe huandikwa kwenye kadi ili dozi isirudiwe kabla ya wakati.

Walio chini ya miezi sita hutegemea maziwa ya mama. Wajawazito hawapewi vidonge hivi, maana dozi kubwa huweza kudhuru mimba. Mgonjwa wa surua ana dozi zake kituoni.

Chakula nacho kina kazi yake: maini, mayai, matembele, maembe, viazi lishe vya rangi ya chungwa, na mawese ya Kigoma, mradi yasichemshwe mpaka yapoteze wekundu. Mboga iungwe kwa mafuta kidogo, la sivyo vitamini haifyonzwi vizuri. Hata hivyo, sahani nzuri si kisingizio cha kukosa matone.

Nchi imefanya kazi ya kujivunia. Kwa zaidi ya miaka 20 wahudumu wamefika hadi vijiji visivyo na barabara, na hakuna mzazi anayedaiwa hata shilingi moja. Anayebaki nyuma ni mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne ambaye hakuna anayemkumbuka. Aliyekosa Juni asisubiri Desemba. Apelekwe kliniki ya mtoto ya zahanati iliyo karibu. Kadi ikiwa imepotea, mzazi aende hivyohivyo na kumweleza mhudumu ni lini mtoto alipata matone mara ya mwisho.