Kurasa Mbili Zilizokosekana: Mustakabali wa Kitabu cha Kiswahili Darasani katika Enzi ya Kidijitali

Utangulizi

Makala haya yanahusu kitabu cha Kiswahili kinachosomwa darasani, hasa katika chuo kikuu, na hatima yake kadiri usomaji unavyohamia kwenye rununu na tarakilishi. Suala hili huzungumzwa kana kwamba ni vita baina ya karatasi na skrini. Mimi naona kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo jingine la kumkosesha usingizi, nami nalijua kwa sababu limenipata.

Katika muhula wa pili wa masomo yangu ya uzamili tulitakiwa kusoma Nagona, riwaya fupi ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka wa 1990. Sikuipata katika maduka ya vitabu niliyoyazuru. Maktabani, nakala iliyoorodheshwa haikuwapo rafuni. Nikafanya wafanyavyo wengi: nikaenda kwenye kibanda cha fotokopi nje ya lango la chuo, nikatolewa nakala kutoka kwa nakala nyingine. Baadaye mwenzangu aliipiga picha nakala hiyo hiyo, akaigeuza kuwa faili ya PDF, ikasambaa katika kundi letu la WhatsApp.

Niliandika makala ya semina kuhusu mapengo ya kimakusudi katika usimulizi wa riwaya hiyo. Kezilahabi ni mwandishi wa majaribio, na msomaji wake huzoea kuachwa njia panda. Kwa hivyo sikushuku chochote nilipoona sentensi ikianza chini ya ukurasa mmoja na kutokamilika katika uliofuata. Siku ya uwasilishaji, mhadhiri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nimsomee nambari za kurasa. Mbili zilikosekana. Pengo moja kati ya yale niliyoyasifu kwa ufasaha wote niliojaliwa lilikuwa kazi ya mashine ya fotokopi.

Darasa lilicheka, nami nikacheka nao. Lakini lililoniudhi zaidi nililitambua usiku ule: darasa zima lilikuwa limesoma faili ile ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua. Matini ilikuwa imepita mikononi mwa watu kadhaa bila hata mmoja kuwajibikia ukamilifu wake. Hili ndilo swali la makala haya: kitabu kikishakuwa faili, nani atakilea?

Kwa nini kitabu hakipatikani

Uchapishaji nchini Kenya umesimama juu ya mguu mmoja, nao ni shule. Jomo Kenyatta Foundation iliundwa mwaka wa 1966 kwa nia ya kuihudumia elimu, na hata makampuni ya kibinafsi yanategemea vitabu vya shule za msingi na za upili kwa sehemu kubwa ya mapato yao. Mguu huo wenyewe umebadilika. Zamani shule zilichagua kutoka kwa orodha ya vitabu kadhaa vilivyoidhinishwa kwa kila somo. Tangu mwaka wa 2018 serikali ilianza kuvinunua moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvisambaza shuleni, na kwa shule za upili kitabu kimoja kikateuliwa kwa somo katika kidato. Aliyeshinda zabuni alipiga chapa kwa wingi mno, ila kwa bei ya chini. Aliyeshindwa alibaki na muswada uliokwisha kuhaririwa, kusanifiwa na kuchorwa picha kwa gharama yake mwenyewe.

Katika hali hiyo, ni mchapishaji gani atakayejishughulisha na kitabu cha nadharia ya fasihi, au riwaya ya majaribio inayohitajika na wanafunzi 40 kwa mwaka? Mtambo wa chapa hauwashwi kwa ajili ya nakala 40. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa katika KCSE huishi maisha ya kifalme kwa miaka michache, kisha huteremshwa kitini. Isiyowahi kuteuliwa hutegemea huruma ya mashine ya fotokopi.

Tufanye hesabu ndogo. Chukulia kitabu cha kurasa 180 kinachouzwa kwa shilingi 500. Fotokopi ikiwa shilingi 3 kwa karatasi yenye kurasa mbili, mwanafunzi atalipa shilingi 270. Faili hailipiwi ila data ya intaneti. Mwandishi, ambaye mrabaha wake tuufanye asilimia 10 ya bei, angepata shilingi 50 kwa kila nakala halali; kwa fotokopi na kwa faili hapati kitu. Juu ya hayo, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka wa 2013 ilivitia vitabu katika kodi ya asilimia 16. Siwatetei maharamia, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao kwa muhula mzima. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi huyu hakuiba kitabu kilichokuwa dukani. Duka halikuwa nacho.

Hapa ndipo teknolojia ingeweza kufaa kweli. Kuna mitambo ya kisasa inayopiga chapa nakala moja moja kadiri inavyoagizwa, bila ghala wala shehena. Kitabu cha wanafunzi 40 kinaweza kuwa nakala 40. Lakini ili mtambo huo ufanye kazi lazima kuwe na faili safi, na mtu mwenye haki ya kuitoa.

Ubeti uliovunjika

Wengi huamini kwamba faili safi hupatikana kwa kupitisha kitabu kwenye skana. Programu za kutambua herufi hukosea, na kwa Kiswahili zina makosa yake maalumu. Herufi l na i zikiandamana, kama katika alilia au walilima, huchanganywa kwa urahisi. Kidole cha ng' hudondoka. Mwenye kung'oa na mwenye ngoa si mtu mmoja: wa kwanza ana jembe, wa pili ana wivu. Hata pale kidole kinapobaki, kuna kilichonyooka na kilichopinda, na kwa tarakilishi nyingi hizo ni alama mbili tofauti. Mtafiti anayetafuta neno ng'ombe katika faili nzima anaweza kuambiwa halimo, ilhali ng'ombe wamejaa zizini.

Ushairi ndio unaoumia zaidi. Faili ya PDF hubaki na umbo la ukurasa wa karatasi. Kwenye rununu maandishi huwa madogo kama mbegu za ufuta, na msomaji hulazimika kuuburura ukurasa huku na kule. Muundo wa EPUB ni bora kwa nathari, kwa kuwa maneno hujipanga upya kulingana na upana wa skrini. Sasa tia humo tarbia ya mizani 16 kwa mshororo, 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Skrini ikiwa nyembamba, kila mshororo hukatika. Kina cha kati chaweza kuangukia mwisho wa mstari, au mkato ukatokea katikati ya kipande, vina vikapotea machoni kabisa. Nimewahi kumfundisha mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeapa kwamba ubeti aliokuwa akiusoma una mishororo minane. Alihesabu vizuri. Rununu ndiyo iliyomdanganya.

Dawa yake ni rahisi: mwendelezo wa mshororo uliokatika uingizwe ndani kidogo ili jicho lijue kwamba si mshororo mpya, na mkato wenyewe uelekezwe penye mpaka wa vipande. Hiyo ni kazi ya saa chache kwa mtu anayezijua bahari za ushairi. Ni kazi isiyowezekana kwa fundi wa tarakilishi asiyejua ukwapi ni nini, hata awe hodari namna gani. Kwa hivyo mhariri wa Kiswahili hatakosa kazi katika enzi hii, na idara zetu zingefanya vyema kulifundisha jambo hili pamoja na isimu na fasihi.

Haki na wajibu

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huilinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Shaaban Robert alifariki mwaka wa 1962; kwa mujibu wa sheria hiyo, humu nchini ulinzi wa kazi alizozichapisha akiwa hai ulikwisha na mwaka wa 2012, ingawa dibaji na maelezo ya wahariri wa baadaye yana haki zake. Tunaweza basi kuanza na matini za aina hiyo. Wanachama wachukue chapa inayoaminika, waichape upya, waisome kwa zamu wakilinganisha neno kwa neno, na majina yao yaandikwe ukurasa wa mwanzo ili kosa likipatikana ajulikane wa kuulizwa.

Kwa Kezilahabi, aliyefariki mwaka wa 2020, ulinzi utadumu hadi mwisho wa mwaka wa 2070, na wakati huo mimi nitakuwa nimestaafu zamani. Hatuwezi kungoja, wala hatupaswi kuwanyima warithi haki yao. Njia iliyobaki ni mikataba. Idara inayotumia kitabu kilichoadimika imwandikie mwenye haki, iombe kibali cha nakala kadhaa kwa mwaka, za karatasi au za faili, na ilipe. Waandishi wanaotia saini mikataba leo nao waulize mapema: kitabu kikikosekana sokoni kwa miaka kadhaa, haki zitanirudia? Na haki ya toleo la kidijitali imo katika mkataba huu, au imeachwa kimya? Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba alipotia saini mkataba wake wa kwanza hakusoma zaidi ya ukurasa wenye jina lake.

Kurasa zangu mbili nilizipata mwishoni mwa muhula, katika nakala ya mhadhiri yule yule, ambayo karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Hakuniazima. Nilizinakili kwa mkono nikiwa nimekaa ofisini mwake, kisha nikazituma katika kundi letu pamoja na maelezo ya mahali zinapoingia. Wenzangu wanne walinijibu kuomba niitume riwaya nzima.