DNA ya nyuzi nne?

Swali: Shuleni tulifundishwa kuwa DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Sasa nasikia ipo ya nyuzi nne. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, ingawa sehemu kubwa ya DNA yako ni hiyo ya nyuzi mbili. Penye G nyingi (mojawapo ya herufi za DNA: A, C, G na T), uzi waweza kujikunja ukawa fundo la pande nne. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliyaonyesha mafundo hayo ndani ya seli za binadamu mwaka 2013. Linalonivutia zaidi ni fundo jingine la aina hiyo, i-motifu, lililoonekana ndani ya seli za binadamu huko Sydney mwaka 2018. Humo C hushikana na C mwenzake, badala ya G kama kawaida! Fundo hilo hujifunga na kufunguka, hasa kabla seli haijaanza kunakili DNA yake, mara nyingi kwenye sehemu zinazodhibiti jeni.