Ulinganifu wa Maumbo na Herufi

Umbo husemwa kuwa na ulinganifu iwapo laweza kukunjwa au kuzungushwa, kisha likajifunika lenyewe barabara. Kukunja na kuzungusha ni mambo mawili mbalimbali, na wanafunzi wengi huyachanganya. Katika makala haya tutayatenganisha kwa majina mawili yaonekanayo kila siku kwenye vibao vya daladala za Dar es Salaam: TEMEKE na KINONDONI. Herufi tutakazozichunguza ni kubwa, zisizo na mapambo.

Ulinganifu wa mstari
T na M hukunjika kwa mstari wa wima; E, K na D kwa mstari wa mlalo. I ina mistari yote miwili. O iliyo duara kamili ina mistari isiyo na idadi, kwa kuwa kila kipenyo chake ni mstari wa ulinganifu.

Ulinganifu wa mzunguko
N haina mstari hata mmoja. Lakini ichomeke pini katikati, uizungushe nyuzi 180: itabaki N. Hujifunika mara 2 katika mzunguko mmoja kamili. Msambamba wa kawaida una tabia hiyo hiyo. Mstatili una mistari 2 na hujifunika mara 2. Pembetatu yenye pande sawa, mistari 3 na mara 3. Mraba, mistari 4 na mara 4.

Tahadhari: ulalo wa mstatili usio mraba huugawa katika pembetatu mbili zilizo sawa, lakini si mstari wa ulinganifu. Kunja karatasi ya daftari uone, pembe hazikutani.

Manufaa yake
Kila kilichochongwa kwenye muhuri hugeuka kama katika kioo kinapopigwa kwenye karatasi. T, M, I na O hazimsumbui mchongaji, kwani kioo hakizibadili. E, K na D sharti zichongwe kinyume, na neno zima lianzie kulia. Hatari iko kwenye N. Mchongaji huipindua juu chini, akaiona ni ile ile, akadhani haihitaji kugeuzwa. Akipiga muhuri, KINONDONI hutoka na N tatu zilizo kinyume.

Jaribio
Kata kiazi, uchonge N kwenye uso wake kama isomekavyo. Paka wino, upige. Zungusha kiazi nusu mzunguko, upige tena. Alama mbili zitafanana, nazo zote zitakuwa kinyume. Kuzungusha hakukuisahihisha N, kwa sababu mzunguko hauwezi kufanya kazi ya kioo.

Zoezi
Katika majina ILALA, UBUNGO na KIGAMBONI, ni herufi zipi zisizo na ulinganifu wa aina yoyote?

Jibu: L na G.