Umeanza Kutengeneza Mvinyo Nyumbani? Kifaa Kipi Ununue Kwanza

 

Swali ninaloulizwa sana siku hizi hapa Mpwapwa ni hili: "Afisa, nimeshatengeneza mvinyo wa zabibu mara mbili tatu, wateja wapo, sasa nataka kukuza. Ninunue tenki la lita 500?" Wengine wana mashamba yao, wengine wananunua zabibu Chamwino na Hombolo. Wote wanajua uchungu wa msimu: zabibu zinaiva kwa pamoja, mnunuzi anapanga bei anavyotaka, na tunda haliwezi kukaa kusubiri. Ndiyo maana kusindika ni wazo zuri. Lakini kijana anachukua akiba yote, pengine na mkopo wa kikundi, anaiweka kwenye tenki kubwa, halafu msimu unaofuata anamwaga siki.

Jibu langu ni fupi: usinunue ukubwa kabla hujanunua ubora. Kifaa cha kwanza ni kile kinachoziba tundu la hasara uliyonayo sasa. Tenki ni la mwisho kwenye foleni. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza, tafuta hasara yako iko wapi

Chukua daftari. Angalia mvinyo wako wa msimu uliopita, kisha jipime hapa:

- Una ladha na harufu ya siki: tatizo ni hewa na usafi.
- Uliacha kuchachuka ukiwa bado mtamu: mara nyingi ni joto, au hamira dhaifu.
- Chupa zilipasuka au kurusha vizibo: ulifungasha kabla haujamaliza kuchachuka. Tatizo ni kipimo.
- Dumu moja tamu, jingine kali, na mteja analalamika: tatizo ni kipimo tena.
- Una uchungu wa kukwaruza ulimi: mbegu zilipondwa.
- Unapata kimiminika kidogo kuliko zabibu ulizonunua: tatizo ni ukamuaji.

Kwa makadirio, kilo 100 za zabibu hutoa lita 60 hadi 70. Ukipata 45, lita nyingine zimebaki kwenye machicha. Ukishajua ugonjwa wako, ndipo tuongee dawa.

Hatua ya 1: Vipimo

Hapa ndipo hela ndogo inafanya kazi kubwa. Nunua vitu vitatu: haidromita, kipimajoto, na mizani ndogo inayopima gramu.

Haidromita ni kijiti cha kioo kinachoelea kwenye juisi na kukuonyesha uzito wake ukilinganisha na maji. Maji ni 1.000. Juisi ya zabibu zilizoiva vizuri inaweza kusoma 1.090 kwa sababu ya sukari. Hamira inapokula sukari namba inashuka, na mvinyo mkavu unaishia karibu na 0.995. Chukua namba ya mwanzo, toa namba ya mwisho, zidisha kwa 131. Kwa mfano wetu, 1.090 toa 0.995 ni 0.095, mara 131 unapata kama asilimia 12.4 ya kilevi. Sasa unajua unachouza.

Faida ya pili ni usalama. Usifungashe mpaka namba ibaki ileile kwa siku tatu mfululizo. Kuangalia tu kama mapovu yameisha hakutoshi, maana uchachukaji unaweza kusimama kwa sababu ya baridi au joto, ukaamka tena ndani ya chupa. Chupa ya kioo ikipasuka inaweza kukutoa jicho.

Mizani ya gramu ni kwa ajili ya potasiamu metabisalfaiti, ile dawa ya unga inayozuia vijidudu. Zabibu safi zikishapondwa, gramu 9 kwa lita 100 zinatosha kuanzia. Usipime kwa kijiko, maana kijiko cha huyu kimejaa na cha yule kimepungua. Ikizidi, mvinyo unachoma pua na mwenye pumu anaweza kudhurika. Ikipungua, haifanyi kazi. Na uiandike kwenye lebo.

Hatua ya 2: Vyombo vinavyojaa na kufungwa

Bakteria wa siki wanahitaji hewa. Ukiwanyima hewa umewashinda. Kwa hiyo swali zuri la kujiuliza ni "chombo changu kina nafasi tupu kiasi gani?" kabla ya kuuliza kinabeba lita ngapi.

Tuseme umekamua zabibu za kilo 200 ukapata lita 128. Ukiziweka kwenye tenki la lita 500, karibu robo tatu ya tenki ni hewa. Huo mvinyo unaelekea kuwa siki. Lakini ukiwa na madumu matano ya lita 20, mawili ya lita 10 na moja la lita 5, umehifadhi lita 125 zikiwa zimejaa mpaka shingoni. Zile tatu zilizobaki weka kwenye chupa, zitakusaidia kujazia dumu linapopungua. Mtengenezaji mdogo anahitaji vyombo vingi vya saizi tofauti kuliko chombo kimoja kikubwa.

Kwenye kila mfuniko toboa tundu, pitisha mpira mwembamba, ziba pembeni kusiwe na mwanya, kisha zamisha ncha ya mpira kwenye chupa yenye maji. Gesi inatoka, hewa haiingii. Usikaze mfuniko bila mpira huo. Juisi yenye gramu 200 za sukari kwa lita inatoa zaidi ya lita 40 za gesi kwa kila lita moja! Kwa sababu hiyohiyo, usichachushie kwenye chumba unacholala wala chumba kisicho na dirisha.

Kwa mvinyo mwekundu, siku za mwanzo juisi inakaa na maganda. Tumia ndoo au pipa la mdomo mpana, funika kwa kitambaa safi kuzuia nzi wadogo wa matunda, na zamisha maganda mara mbili au tatu kwa siku. Maganda yakikaukia juu ndiyo mlango wa siki. Haidromita ikifika karibu 1.010, kamua na hamishia kwenye madumu ya kufungwa.

Kuhusu aina ya chombo, chagua plastiki ya chakula yenye alama ya bilauri na uma, kioo, au stenlesi. Dumu lililobeba kiuatilifu au mafuta ya gari halifai hata ulioshe mara kumi. Ndoo za bati, alumini na shaba achana nazo, kwa sababu asidi ya zabibu inakula metali na unamnywesha mteja wako sumu.

Hapohapo ongeza mpira wa kuhamishia. Kumimina mvinyo kutoka dumu hadi dumu unaukoroga na hewa. Weka dumu la juu mezani, la kupokea sakafuni, ncha ya mpira iguse chini ya dumu la kupokea, mashapo uyaache nyuma.

Hatua ya 3: Kudhibiti joto

Hamira nayo ni kiumbe. Mvinyo mwekundu unachachuka vizuri kati ya nyuzi 22 na 30. Mweupe, kwa mfano wa Chenin Blanc, unataka ubaridi zaidi, chini ya 20 ukiweza, ili harufu isipotee. Ukipita 35 hamira inachoka na kufa, sukari inabaki, na vijidudu vingine vinapata chakula.

Kumbuka pia kwamba kuchachuka kwenyewe kunazalisha joto. Dumu la lita 20 ni dogo, joto linatoka kwa urahisi. Tenki la lita 500 lina tumbo kubwa na ngozi ndogo, joto linajikusanya katikati. Kwa hiyo anayehamia kwenye tenki bila mpango wa kupoza anajiletea shida ambayo kwenye madumu hakuwa nayo.

Bahati yetu Kanda ya Kati ni hewa kavu. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba yanaangukia kiangazi. Simamisha dumu kwenye karai lenye maji, livishe gunia la katani linaloning'inia mpaka majini, weka kivulini penye upepo. Maji yanapopanda kwenye gunia na kukauka yanaondoka na joto. Ni kanuni ileile ya mtungi wa maji ya kunywa. Kwa mavuno ya wakati wa mvua hewa ina unyevu, gunia halisaidii sana. Andaa chupa za maji zilizogandishwa uziweke kwenye karai, ukizibadilisha asubuhi na jioni. Friji la mitumba lenye kidhibiti joto ni zuri, ila linunue baada ya kuona gunia limekushinda.

Kwenye hatua hii ongeza hamira ya mvinyo. Pakiti ya gramu 5 inatosha kama lita 20. Hamira ya mkate inachachusha, lakini mara nyingi inachoka mapema na kuacha harufu ya mkate.

Hatua ya 4: Kuponda na kukamua

Sasa ndiyo tunafika kwenye mashine. Usitumie kinu na mchi, wala mashine ya kusaga. Mbegu zikivunjika zinatoa uchungu. Kwa kilo 100 au 200, mikono safi au miguu iliyooshwa vizuri inatosha kuponda, na vikonyo unaviondoa kwa kusugua vishada juu ya wavu wa plastiki wa matundu makubwa.

Mashine ya kukamua ya skrubu yenye kapu la mbao au stenlesi inastahili hela yako pale daftari linapokuonyesha unapata chini ya lita 60 kwa kilo 100, au unapovuka kilo 300 kwa msimu na mikono haitoshi. Fundi wa kuchomelea anaweza kukuchongea. Sharti langu ni moja: sehemu zote zinazogusa juisi ziwe stenlesi au mbao ngumu isiyopakwa rangi. Vilevile, mashine moja inatosha vijana watano. Inafanya kazi siku chache kwa msimu, hakuna sababu kila mtu awe na yake.

Hatua ya 5: Kufungasha

Mashine ya mkono ya kufunga visoda ni rahisi kuliko ile ya kusukuma vizibo, na kwa mvinyo wa kunywewa ndani ya mwaka inatosha kabisa. Chupa za kurudisha zioshe kwa brashi na maji ya moto, zisafishe kwa dawa, ziinamishe zikauke.

Tenki kubwa ninunue lini?

Linunue ukiwa na majibu matatu ya ndiyo. Misimu miwili mfululizo hakuna dumu lililogeuka siki? Una uhakika wa zabibu za kulijaza mpaka juu? Una namna ya kulipoza? Jibu moja likiwa hapana, subiri.

Tufanye hesabu. Tuseme unauza lita moja shilingi 5,000. Weka bei yako mwenyewe. Madumu mawili ya lita 20 yakiharibika umepoteza 200,000. Ukiongeza ukubwa mara nne bila kurekebisha kitu, hasara nayo inaongezeka mara nne: 800,000. Tenki halitibu hasara, linaikuza.

Kifaa kisichoonekana: vibali

Kutengeneza ili kujifunza ni jambo moja, kuuza ni jingine. Kwa bidhaa ya kuuza, jengo na bidhaa vinasajiliwa na TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia pia usalama wa chakula. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO Dodoma kwa ushauri na barua ya utambulisho. Kileo kinahitaji leseni ya halmashauri, na TRA watakueleza kuhusu ushuru na stempu za kodi za kielektroniki. Uliza haya kabla ya kujenga chumba, maana sakafu, kuta, maji na nyavu za madirisha ni sehemu ya ukaguzi. Ukishajenga vibaya utabomoa.

Na tusidanganyane: ukianza kuchemsha mvinyo ili kukinga mvuke, hiyo ni gongo. Ni kosa la jinai, na inaweza kuua. Kaa kwenye kuchachusha.

Kazi ya kufanya wiki hii

1. Andika hasara zako za msimu uliopita kwa lita.
2. Chagua hasara moja iliyo kubwa kuliko zote.
3. Nunua kifaa kinachoiziba hiyo tu.
4. Jaribu kwa dumu moja kabla zabibu zote hazijaiva.

Kwa maswali ya aina za zabibu na uvunaji, TARI Makutupora ni jirani zetu, watumieni. Kwa mengine, afisa ugani wa kata yako yupo kwa ajili yako, na ukienda kumwona nenda na daftari lako. Tutaelewana haraka zaidi.

Kazi njema, na mavuno mema.